Breki za Baiskeli: Zitazame Kabla ya Kupanda



Baiskeli inatusaidia katika kazi nyingi. Inabeba maji, mkaa, ndizi, maziwa na mahindi ya kusaga. Inampeleka mgonjwa zahanati na mtoto shuleni. Katika miji kama Shinyanga baiskeli zimebeba abiria kwa miaka mingi. Kule Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kazi ya bodaboda ilianza kwa baiskeli kabla ya pikipiki.

Tunajali sana baiskeli iende. Mnyororo ukikatika, tunautengeneza siku hiyo hiyo. Tairi likitoboka, tunaliziba hapo hapo, kwa sababu bila hivyo hatuendi. Lakini breki zikichakaa, baiskeli bado inakwenda. Kwa hiyo tunasema, "Nitazitengeneza kesho." Kesho hiyo inapita, na nyingine inapita. Siku ya mteremko ndipo tunapokumbuka, na siku hiyo hakuna nafasi ya kutengeneza.

Mwenye baiskeli isiyo na breki hajihatarishi peke yake. Mbele yake yupo mama mwenye ndoo kichwani. Yupo mtoto anayefukuza mpira wake. Yupo mzee asiyesikia kengele. Wote hawa wanategemea breki ambazo si zao.

Katika somo hili tutajifunza jinsi breki zinavyofanya kazi, jinsi ya kuzirekebisha, na jinsi ya kuzikagua kila asubuhi.

1. BREKI INASIMAMISHAJE BAISKELI?

Sugua viganja vyako kwa nguvu. Unaona vinapata joto. Vibane zaidi, na kusugua kunakuwa kugumu. Breki inafanya hivyo hivyo. Kipande cha mpira kinabana rimu ya gurudumu. Rimu ni lile duara la chuma linaloshika tairi; wengine huliita ringi. Mpira ukibana rimu, gurudumu linapunguza mwendo, na mwendo ule unageuka kuwa joto.

Tufanye hesabu. Baiskeli kubwa ya chuma ina uzito wa kilo 20 hivi. Mwenye kuipanda tuseme ana kilo 65. Jumla ni kilo 85. Sasa ongeza madumu 2 ya maji, kila moja lita 20. Lita 1 ya maji ina kilo 1, kwa hiyo umeongeza kilo 40. Jumla mpya ni kilo 125. Uzito wote huu unasimamishwa na mipira minne tu, na kila mmoja haupiti urefu wa kidole.

Ukivuta breki kwa nguvu ile ile, baiskeli yenye mzigo huo itahitaji umbali mkubwa zaidi ili isimame. Kama bila mzigo ilisimama kwa mita 8, sasa itahitaji mita 12 hivi.

Mwendo nao una hesabu yake, na hesabu hii inashangaza. Mwendo ukiwa mara mbili, umbali wa kusimama hauwi mara mbili. Unakuwa mara nne. Kama kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa unasimama kwa mita 2, kwa kilomita 20 kwa saa utahitaji mita 8. Tena hesabu hiyo inaanza pale breki iliposhika. Kabla ya hapo lazima kwanza uione hatari na uvute mkono wa breki. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, kila sekunde 1 inakupeleka mbele mita 5 na nusu.

2. BREKI ZA VYUMA

Baiskeli nyingi za vijijini ni zile kubwa za chuma, kama Phoenix ya China, Hero na Avon za India, na Raleigh za zamani za Uingereza. Nyingi kati ya hizo hutumia breki za vyuma. Ukivuta mkono wa breki kwenda juu, unavuta fimbo nyembamba ya chuma. Fimbo hiyo inavuta chuma kilichopindwa kama herufi U. Kila upande wa U kuna mpira mmoja. Mipira hiyo miwili hukaa upande wa ndani wa rimu, yaani upande unaotazama katikati ya gurudumu. Chuma cha U kikivutwa, mipira inagusa rimu na kuibana.

Breki ya mbele ina njia fupi. Breki ya nyuma ina njia ndefu: fimbo yake inashuka na fremu, inapita karibu na pedeli, ndipo inafika gurudumu la nyuma. Njiani kuna viungo. Kila kiungo kikilegea au kikishika kutu, nguvu ya mkono wako inapotea kabla ya kufika kwenye gurudumu. Kwa hiyo viungo vya fimbo vitiwe tone moja la oili mara kwa mara, kisha vifutwe kwa kitambaa.

Uzuri wa breki hizi ni kwamba fimbo hazikatiki ovyo, na fundi yeyote wa kijijini anaweza kuzirekebisha. Ubaya wake ni kwamba hazina nguvu nyingi, hasa rimu ikiwa na maji.

Jinsi ya kuzirekebisha

Hatua ya 1. Simamisha baiskeli kwenye stendi yake, au mwombe mwenzako aiinue. Zungusha gurudumu polepole. Tazama kama linazunguka sawasawa. Kama linayumba huku na huku au linapanda na kushuka, breki haitakaa vizuri hata ufanyeje. Kwanza fundi anyooshe gurudumu kwa kukaza na kulegeza spoku.

Hatua ya 2. Tazama pengo kati ya mpira na rimu. Liwe milimita 3 hivi, kama unene wa sarafu mbili zilizowekwa pamoja. Pengo likiwa kubwa, mkono wa breki utafika juu kabisa bila breki kushika. Pengo likiwa dogo mno, mpira utasugua rimu wakati wote, na baiskeli itakuwa nzito.

Hatua ya 3. Tafuta mahali fimbo mbili zinapoungana na kubanwa na nati. Legeza nati hiyo kwa spana inayolingana nayo. Usitumie koleo, maana koleo hula pembe za nati. Vuta fimbo kidogo ili mipira isogee karibu na rimu. Kaza nati tena.

Hatua ya 4. Vuta mkono wa breki kwa nguvu zako zote mara kumi. Kisha pima pengo tena. Kama limeongezeka, nati haikukazwa vya kutosha.

Jambo moja husahauliwa na wengi. Mnyororo ukilegea, tunaukaza kwa kurudisha gurudumu la nyuma. Gurudumu likirudi, rimu nayo inarudi, na pengo la breki ya nyuma linabadilika. Breki inaweza kuanza kusugua. Kwa hiyo kila ukikaza mnyororo, rekebisha na breki ya nyuma.

3. MIPIRA YA BREKI NA UPANDE WAKE

Mpira wa breki unaisha kidogo kidogo kama sabuni. Usisubiri uishe wote. Ukiisha, chuma cha kushikia mpira kitagusa rimu. Chuma juu ya chuma hakishiki vizuri, tena kinakwangua rimu na kuiharibu. Mpira wa zamani sana nao haufai hata kama ni mnene, kwa sababu unakuwa mgumu na kuteleza kama kipande cha kioo. Ukiubonyeza kwa ukucha na ukucha usiingie hata kidogo, nunua mwingine. Kama mpira bado ni mzuri ila uso wake umekuwa laini na unang'aa, usugue kidogo kwa msasa.

Sasa soma kwa makini, maana kosa linalofuata linaweza kuua.

Mipira mingi hukaa ndani ya kijumba kidogo cha chuma. Kijumba hicho kina upande mmoja ulioziba na upande mmoja ulio wazi. Mpira huingizwa kwa upande ulio wazi. Je, upande ulioziba utazame wapi?

Upande ulioziba utazame kule rimu inakokwenda. Ukivuta breki, rimu inayozunguka inajaribu kuondoka na mpira. Ikiwa mbele ya mpira kuna ukuta wa chuma, mpira utaegemea ukuta huo na kubaki mahali pake. Ikiwa mbele yake pako wazi, mpira utachomoka. Utachomoka saa ile ile unapovuta kwa nguvu, yaani saa ile ile unapouhitaji.

Kujua rimu inakokwenda, usikisie. Zungusha gurudumu kwa mkono kama linavyozunguka baiskeli inapokwenda mbele. Weka kidole karibu na mpira, lakini usiguse spoku. Tazama rimu inapita hapo ikielekea wapi. Kwenye gurudumu la mbele, pale juu, rimu inakwenda mbele. Kwenye gurudumu la nyuma, pale karibu na pedeli, rimu inakwenda chini. Upande ulioziba ufuate huko.

Je, tunaweza kukata kipande cha tairi kuukuu na kukitumia kama mpira wa breki? Wengi hufanya hivyo. Kipande hicho kinaweza kukufikisha kwa fundi kwa kukokota baiskeli. Lakini hakikutengenezwa kukaa ndani ya kijumba kile, na kinaweza kuchomoka. Usiteremke nacho mlima, na usibebe nacho mtu.

4. BREKI ZA WAYA

Baiskeli za milimani zenye gia, na nyingi za mitumba, hutumia breki za waya. Mkono wa breki unavuta waya uliomo ndani ya ganda la plastiki. Waya unavuta mikono miwili midogo iliyo pande mbili za gurudumu, na mipira inabana rimu kutoka kushoto na kulia.

Baiskeli ndogo za vijana zenye magurudumu ya inchi 20, ziitwazo BMX, nazo nyingi hutumia breki za waya. BMX zilianza California, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa ajili ya mashindano ya watoto kwenye njia za vumbi. Nyingi zina breki ya nyuma peke yake. Zilitengenezwa kwa michezo, si kwa mizigo. Mtoto wako akipanda BMX, kagua breki yake hiyo moja kwa makini zaidi, kwa sababu ikikatika hana nyingine.

Kagua breki za waya hivi:

(a) Vuta mkono wa breki mpaka mwisho. Kati yake na usukani ibaki nafasi ya vidole viwili. Ukigusa usukani, waya umelegea.

(b) Mahali waya unapoingia kwenye mkono wa breki pana skrubu ndogo yenye tundu, ambayo waya hupita katikati yake. Ukiifungua kidogo kidogo kwenda nje, waya unakazika. Halafu kaza nati yake ndogo ili isirudi. Kama skrubu imefika mwisho na breki bado imelegea, nenda kule waya ulikobanwa kwenye gurudumu. Legeza nati, vuta waya kidogo, kaza tena.

(c) Tazama ncha za waya, hasa pale unapoingia kwenye mkono wa breki. Waya umesokotwa kwa nyuzi nyingi ndogo. Ukiona hata uzi mmoja umekatika, badilisha waya wote. Uzi wa kwanza ukikatika, nyuzi zilizobaki zinabeba kazi yake, nazo hazikawii kukatika.

(d) Tazama mipira. Yote miwili iguse rimu kwa wakati mmoja. Usiguse tairi, maana mpira wa breki ukisugua tairi unalikata na tairi hupasuka. Wala usiwe chini mno, maana utateleza na kuingia kwenye spoku.

(e) Kama breki inapiga kelele, kwanza safisha rimu. Ikiendelea, legeza nati ya mpira na uuelekeze kidogo ili ncha yake ya mbele itangulie kugusa rimu. Milimita 1 inatosha.

Fundi akitoa gurudumu lenye breki za namna hii, kwanza huachia waya ili mipira ifunguke. Akimaliza kuziba pancha hurudisha gurudumu. Wakati mwingine husahau kurudisha waya. Kwa hiyo usiondoke kwa fundi kabla ya kuvuta breki zote mbili.

5. MAZUNGUMZO KWA FUNDI

Kijana mmoja anakwenda kwa fundi wa baiskeli kijijini. Someni mazungumzo haya kwa sauti, mmoja awe kijana na mwingine awe fundi.

Kijana: Hodi! Shikamoo, fundi.

Fundi: Marahaba, mwanangu. Karibu. Habari za nyumbani?

Kijana: Nzuri, mzee. Nimekuja unifungie karia kubwa. Nataka kuanza kubeba mkaa.

Fundi: Vema. Kazi ni kazi. Hebu niione baiskeli kwanza. Mbona huku mbele hakuna breki?

Kijana: Niliitoa, mzee. Wenzangu waliniambia breki ya mbele inaangusha mtu.

Fundi: Na ya nyuma?

Kijana: Inashika kidogo.

Fundi: Kidogo ndiyo kiasi gani? Ivute.

Kijana: Ah! Mkono umefika juu kabisa.

Fundi: Na gurudumu bado linazunguka. Sikiliza, mwanangu. Ukifunga breki, uzito wa mwili na wa baiskeli unakimbilia mbele. Gurudumu la mbele linakandamizwa chini, kwa hiyo ndilo linaloshika ardhi vizuri. La nyuma linakuwa jepesi, likibanwa sana linaburura. Breki ya mbele ina nguvu kuliko ya nyuma.

Kijana: Kwa hiyo walinidanganya?

Fundi: Walisema nusu. Ukiivuta ya mbele ghafla, peke yake, kwenye mteremko, itakurusha kweli. Kwenye mchanga au changarawe gurudumu la mbele litateleza. Dawa yake ni kutumia zote mbili. Anza na ya nyuma, kisha ongeza ya mbele polepole. Jisogeze nyuma kidogo kwenye siti.

Kijana: Nimekuelewa, mzee. Lakini pesa niliyo nayo ni ya karia tu. Breki nitafunga nikishauza mkaa.

Fundi: Mkaa huo utauteremsha kwa njia gani?

Kijana: Kwa njia ile ya mlimani, inayopita shuleni.

Fundi: Saa ngapi?

Kijana: Asubuhi, watoto wanapo... Ah.

Fundi: Umejijibu mwenyewe. Leo nifunge breki mbili, mipira minne mipya. Karia la zamani litabeba mzigo mdogo wiki hii na wiki ijayo. Karia kubwa litanunuliwa na huo mzigo mdogo.

Kijana: Haya, mzee. Funga breki.

6. MAFUTA, MAJI NA MTEREMKO

Mafuta. Oili hutiwa kwenye mnyororo na kwenye viungo. Haitiwi kwenye rimu wala kwenye mipira ya breki. Tone moja la oili likiingia hapo, breki inateleza. Wako wanaotia oili ili kuondoa kelele za breki. Kelele zinaisha, na breki nazo zinaisha. Kama oili imeingia kwenye rimu, ioshe kwa maji na sabuni, isuuze, uikaushe kwa kitambaa safi. Mpira uliolowa oili usugue kwa msasa. Kama umenyonya oili nyingi, utupe.

Maji. Rimu za chuma zikilowa, breki za mpira hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Ukipita kwenye mto mdogo au kwenye mvua, vuta breki kidogo kidogo ukiwa bado unakwenda. Mipira itafuta maji kwenye rimu. Fanya hivyo kabla ya kufika kwenye mteremko. Siku ya mvua, anza kufunga breki mapema kuliko siku ya jua, tena punguza mzigo.

Mteremko. Tuchukue njia ya kutoka Lushoto mpaka Mombo, katika milima ya Usambara. Lushoto iko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mombo iko chini tambarare, mita zipatazo 400. Kwa hiyo mtu anayetoka Lushoto anashuka mita 1,000 katika mwendo wa kilomita 30 na ushei, na njia imejaa kona. Akiwa na tenga la mboga nyuma, breki zake hazipumziki.

Kumbuka tulisema mwendo unageuka kuwa joto. Kwenye mteremko mrefu rimu inapata moto. Joto hilo linaweza kulegeza kiraka kwenye tyubu, au hata kupasua tairi. Kwa hiyo:

– Anza mteremko polepole. Ni rahisi kuzuia mwendo mdogo usikue kuliko kupunguza mwendo ambao umeshakuwa mkubwa.

– Usiishikilie breki moja bila kuachia. Vuta, achia kidogo, vuta tena. Tumia zote mbili.

– Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona.

– Simama mahali pa usalama, pumzika, rimu zipoe. Usiziguse kwa vidole zikiwa na moto.

– Mteremko ukiwa mkali na mzigo mzito, shuka. Tembea kando ya baiskeli huku umeshika breki. Kutembea kwa miguu si aibu.

Wapo wanaosimamisha baiskeli kwa kukandamiza tairi kwa soli ya kandambili. Usifanye hivyo. Mguu ukiteleza unaingia kwenye spoku. Mguu unavunjika, gurudumu linazuiwa ghafla, na mtu anarushwa.

7. UKAGUZI WA KILA ASUBUHI

Ukaguzi huu hauchukui zaidi ya dakika 3. Ufanye kabla ya kufunga mzigo.

1. Vuta breki ya mbele, kisha sukuma baiskeli mbele. Gurudumu la mbele lisizunguke.

2. Vuta breki ya nyuma, kisha kokota baiskeli kurudi nyuma na kwenda mbele. Gurudumu la nyuma lisizunguke.

3. Tazama mipira minne. Iwe minene, imekaa imara, na upande ulioziba uko sawa.

4. Gusa kila nati ya breki. Isizunguke kwa vidole.

5. Kama ni breki za waya, tazama ncha za waya.

6. Pitisha kitambaa kikavu kwenye rimu.

7. Panda, nenda hatua chache mahali pa tambarare, funga breki. Sasa funga mzigo.

Kama umeazima baiskeli, fanya ukaguzi huo huo. Tena jaribu kujua mkono wa kulia unafunga gurudumu gani, na wa kushoto gurudumu gani. Baiskeli hazifanani, hasa za mitumba.

8. JARIBIO LA DARASA

Chagueni mahali pa tambarare, pasipo na watoto wala magari. Choreni mstari ardhini. Mtu mmoja apande baiskeli kwa mwendo mdogo, kama wa mtu anayekimbia polepole. Akifika kwenye mstari afunge breki zote mbili. Mwingine ahesabu hatua toka kwenye mstari mpaka pale baiskeli iliposimama. Rudieni mara 3 kwa kila namna: kwanza bila mzigo, pili na dumu moja la maji la lita 20 lililofungwa vizuri, tatu bila mzigo lakini rimu zimemwagiwa maji.

Andikeni majibu ubaoni hivi:

Bila mzigo: hatua ......
Na dumu la maji: hatua ......
Rimu zikiwa na maji: hatua ......

Mkimaliza, rekebisheni breki kama mlivyosoma, kisha rudieni jaribio. Linganisheni hatua za kwanza na za pili.

MASWALI

1. Kwa nini tunachelewa kutengeneza breki kuliko mnyororo?
2. Baiskeli ina kilo 20, mpandaji ana kilo 60, na gunia la mahindi lina kilo 50. Jumla ni kilo ngapi?
3. Upande ulioziba wa kijumba cha mpira utazame wapi? Eleza sababu.
4. Kwa nini breki ya nyuma ya vyuma irekebishwe baada ya kukaza mnyororo?
5. Mwenzako anataka kutoa breki ya mbele. Utamwambia nini?
6. Utafanya nini ukikuta uzi mmoja wa waya wa breki umekatika?
7. Zungumzeni darasani: Ni miteremko gani hapa kijijini ambayo mwenye mzigo inampasa kushuka na kutembea? Je, kijiji kiweke alama hapo?

ZOEZI LA KUANDIKA

Nenda nyumbani ukakague breki za baiskeli yako, au ya jirani kwa ruhusa yake. Andika katika daftari lako mambo uliyoyakuta: lipi zima, lipi bovu, na lipi utalitengeneza kwanza. Lete daftari darasani siku ya somo linalofuata.